Gari linalolala kuliko kutembea: oili imwagwe lini?

Swali limetoka kwa mwalimu mstaafu anayeishi Nkuhungu, hapa Dodoma. Ameandika hivi:

"Fundi, nina Toyota IST ya mwaka 2005, injini ya 1,500. Tangu nistaafu naendesha Jumapili kwenda kanisani na siku moja katikati ya wiki kwenda Soko la Majengo. Hakuna safari inayozidi kilomita tano. Mwaka mzima uliopita nilitembea kilomita 1,100 tu. Kijana anayenihudumia gereji anasema nimwage oili kila miezi mitatu. Mwanangu aliyeko Dar anasema huo ni wizi, oili ni ya kilomita 5,000, nisubiri zifike. Kwa mwendo wangu hiyo ni miaka minne na nusu. Nikichomoa stiki, oili bado ina rangi ya asali. Kila asubuhi naliwasha dakika tano ili betri isife. Nimsikilize nani?"

Shikamoo Mwalimu.

Nianze na jibu, sababu zifuate. Kwa matumizi uliyonayo sasa, mwaga oili kila baada ya miezi sita, kilomita ziwe zimefika ngapi. Ukipata njia ya kulitoa gari safari ndefu kidogo kila wiki mbili, mara moja kwa mwaka itatosha. Miezi mitatu ni pesa inayomwagika pamoja na oili ambayo bado ina kazi. Miaka minne na nusu itaiua injini. Na hilo la kuwasha dakika tano kila asubuhi, nakuomba uliache kuanzia kesho, kwa sababu ndilo linaloiumiza injini yako kuliko jambo lingine lolote uliloniandikia.

Mwanao hajaitoa hewani hiyo namba ya 5,000. Sisi mafundi ndio tumewazoesha watu. Tunaiandika kwenye kile kikadi tunachokuachia ndani ya gari kila tukimaliza sevisi. Ni hesabu nzuri kwa gari linaloondoka Dodoma asubuhi, linakwenda Singida, linarudi jioni. Injini inapata moto, inakaa na moto wake saa nzima nzima, na kinachoichosha oili pale ni kazi ya kutembea. Kilomita zinaipima kazi hiyo vizuri. Gari lako linachoshwa na kitu kingine: kuwashwa likiwa baridi na kuzimwa kabla halijapata moto. Hebu tuhesabu. Jumapili kwenda na kurudi, Majengo kwenda na kurudi, hizo ni mara nne. Ongeza asubuhi saba. Injini inawashwa mara 11 kwa wiki, zaidi ya mara 570 kwa mwaka, na kwa maelezo yako hakuna hata mara moja oili imefika joto lake la kazi. Hakuna odometa inayohesabu hilo.

Sasa, kuna ubaya gani oili isipopata moto? Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo wengi tunapokosea, hata mafundi.

Petroli ikiungua inatoa maji. Ni maji kweli, ya kuloanisha kidole. Petroli imeundwa kwa kaboni na haidrojeni, na ile haidrojeni ikiungana na oksijeni ya hewani ndani ya silinda inakuwa maji. Lita moja ya petroli ikiungua yote inatengeneza karibu lita moja ya maji, yakiwa mvuke. Asubuhi ya baridi mwambie mjukuu awashe gari, wewe simama nyuma utazame ekzosi: utaona matone, na baada ya dakika mbili tatu kuna alama ya maji chini. Mengi yanatoka kwa njia hiyo. Lakini ringi za pistoni hazizibi kabisa. Kila mlipuko, hewa kidogo inapenya pembeni ya pistoni na kushuka mpaka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ikiwa imebeba mvuke, masizi na petroli ambayo haikuungua. Injini ikiwa baridi hali inazidi, kwa sababu vyuma havijatanuka vikakaa sawa, na kompyuta ya gari inaongeza petroli makusudi ili injini isizime. Mvuke ule unagusa chuma baridi, unageuka matone, unaingia kwenye oili.

Kwenye safari ndefu, uchafu huo unajiondoa wenyewe. Oili ikikaribia nyuzi joto 100, maji yanapaa, petroli nayo inapaa, vyote vinavutwa na bomba la kupumulia injini na kurudishwa kuchomwa. Tatizo ni muda. Sindano ya joto kwenye dashibodi, au ile taa ya bluu inayozimika, inapima maji ya rejeta tu. Maji hupata moto ndani ya dakika tano hadi kumi. Oili huchukua dakika 15 hadi 20 za kutembea barabarani, na gari likisimama sailensa, yaani likiunguruma bila kutembea, huchukua muda mrefu zaidi ya hapo. Wewe unafika kanisani taa ya bluu imezimika muda si mrefu, unazima gari, na maji yote yaliyoingia njiani yanabaki humo humo.

Yakibaki, yanaungana na gesi za moshi yanakuwa asidi. Oili inapotoka kiwandani imewekewa dawa za aina nyingi: ya kuua asidi, ya kushika masizi yasikae mahali pamoja, ya kulinda vyuma vinavyosuguana. Dawa ya kuua asidi inaisha kidogo kidogo kila inapofanya kazi. Ikishaisha, asidi inaanza kula vyuma, na masizi yanaanza kugandamana na maji kuwa tope. Hayo yanaweza kutokea gari likiwa limetembea kilomita 900.

Watu huniambia, "Fundi, Dodoma ni kukavu, unyevu utoke wapi?" Ni kweli mvua zetu ni za miezi michache, za kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na bodi ya gari hapa haioozi kama ya gari lililokaa Tanga. Lakini maji ninayoyasema hayatoki hewani. Umeyanunua sheli, yanatokana na petroli yako inapoungua, na ukame wa Dodoma hauyagusi.

Niliwahi kuletewa gari la mzee mmoja wa Area D, limevutwa kwa kamba. Toyota, kilomita 61,000, nje linang'aa, viti bado vina plastiki. Kwa miaka mitatu alikuwa akiliwasha kila asubuhi kama wewe, na kutoka nalo mara chache kwenda dukani. Stiki ikimwonyesha oili imejaa, hata imepita kidogo alama ya F, ya kujaa, naye akafurahi kwamba gari lake halili oili. Siku moja ukatokea msiba Kongwa, akaondoka nalo. Alipopita Chamwino taa ya oili ikaanza kuwaka na kuzima, kisha injini ikaanza kugonga.

Nilipofungua mfuniko wa juu nikakuta tope jeusi limejaa pembeni ya kamshafti, ule mhimili wa kufungua valvu, zito kama ukoko wa ugali wa mtama ulioungua. Nililichota kwa kijiko cha chai. Tukashusha sampu. Pampu ya oili hunyonya kupitia wavu wa chuma, mviringo mdogo kama mdomo wa kikombe, na wavu ule wote ulikuwa umezibwa isipokuwa tundu la kupitisha kidole cha mwisho. Mzee alikuwa amesimama pembeni ameshika kofia yake, akaniuliza inawezekanaje wakati gari lenyewe halitembei. Nilitumia nusu saa kumweleza haya ninayokueleza wewe.

Na lile la oili kupita F, Mwalimu, lishike sana. Oili haiongezeki yenyewe. Stiki ikipanda bila mtu kuongeza, kilichoongezeka ni petroli na maji. Gari la aina hiyo ukilipeleka safari ndefu ghafla, injini inapata moto, petroli inapaa ndani ya saa moja, na kumbe oili halisi iliyobaki ni kidogo. Ndiyo maana magari mengi yanayokaa sana hunoki, yaani injini hugonga na kufa, siku ya safari, na watu wakalaumu safari.

Sasa nikuonyeshe kwamba miezi sita sikuitoa kichwani. Fungua mlango wa dereva utazame kwenye nguzo ya mlango, au juu ya injini upande wa mbele. Magari mengi kutoka Japani huja na stika ndogo ya sevisi ya oili, ina maandishi ya Kijapani, tarehe na kilomita. Kama haijabanduliwa utaona mwaka umeandikwa kwa herufi na namba. Ukianza na R jumlisha 2018, ukianza na H jumlisha 1988. H28 ni 2016. Mwenye gari wa kule alikuwa akifuata tarehe na kilomita kwa pamoja, kinachotangulia ndicho kinachohesabiwa.

Toyota kwa soko la Japani wanasema injini ya petroli isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) imwagwe oili kwa kilomita 15,000 au mwaka mmoja. Yenye tabo, kilomita 5,000 au miezi sita. Kisha wana kundi la pili, la gari lenye matumizi magumu, na humo kila kitu kinakatwa nusu: isiyo na tabo inakuwa kilomita 7,500 au miezi sita. Katika orodha yao ya matumizi magumu kuna barabara mbovu, kuna milima, na kuna safari fupi fupi za kilomita nane au pungufu zikifika asilimia 30 ya mwendo wa gari. Safari zako zote ziko chini ya nane. Kwa kipimo cha waliolitengeneza, gari lako la kanisani liko kundi moja na gari linalopigwa makorongo ya Kondoa kila siku. Namba za kilomita za Japani mimi sizitumii hapa, kwa sababu ya vumbi letu na petroli yetu; 5,000 ni sawa kwa anayetembea. Lakini upande wa miezi nauchukua kama ulivyo.

Sasa turudi kwenye ile safari ndefu niliyoitaja mwanzoni. Safari ya dakika 40 bila kuzima, kila wiki mbili, inaipa oili nafasi ya kujikausha. Toka nje ya mji kwa barabara ya Singida kuelekea Bahi, dakika 20, geuza urudi. Au barabara ya Morogoro kuelekea Chamwino. Mwendo wa 80 panaporuhusiwa, 50 kwenye vijiji, na usilitie gari nguvu kabla ya dakika kumi za kwanza. Ukifanya hivyo mwaka mzima, nami nakupa mwaka mzima wa oili.

Ila nikuambie ukweli wa pesa, maana najua pensheni ilivyo. Mzunguko kama huo, wa kilomita 40 na kidogo, utakula petroli karibu lita tatu. Mara 26 kwa mwaka ni karibu lita 78. Ukizipigia bei ya sheli utaona zinazidi gharama ya kumwaga oili mara ya pili. Kwa hiyo usitoke kwa ajili ya oili peke yake. Kama una ndugu Chamwino wa kumjulia hali, kama una shamba la zabibu Mpunguzi, kama kuna harusi nje ya mji na ulikuwa upande daladala, chukua gari. Safari hizo zitasaidia pia breki zisishike kutu, ekzosi ikauke, matairi yasikae upande mmoja. Usipokuwa na pa kwenda, baki na miezi sita na uwe na amani. Hakuna ulichokosea.

Kuwasha asubuhi kuna sababu yake, na sababu ni betri, kwa hiyo tuimalize. Kinachoimaliza betri ya gari lililosimama ni alamu, saa, redio na vifaa vingine vinavyonyonya kidogo kidogo usiku na mchana. Dakika tano za sailensa hazirudishi kilichonyonywa, hasa kama umewasha feni na redio. Unabaki na betri ile ile, na maji zaidi kwenye oili. Safari zako mbili za wiki zinaitosha betri nzima. Ikiwa gari linashindwa kuwaka baada ya siku tatu nne, betri imezeeka au kuna waya unavujisha umeme, na fundi umeme atauona kwa mita ndani ya robo saa. Ukisafiri zaidi ya wiki mbili unaweza kuchomoa waya wa hasi, ule mweusi, kwa spana namba 10. Lakini tazama kwanza redio yako. Redio nyingi za Toyota kutoka Japani zikikatiwa betri hujifunga na kudai namba ya siri iitwayo ERC, na kuifungua ni gharama nyingine. Kama yako ni ya aina hiyo, bora jirani unayemwamini aje alizungushe.

Kuhusu rangi ya asali. Macho hapa hayasaidii sana. Oili ya gari linalofanya kazi huwa nyeusi mapema, na weusi ule ni masizi ambayo oili imeyashika ili yasikae kwenye vyuma. Inafanya kazi iliyotumwa. Ya kwako ni nyeupe kwa sababu haijakusanya masizi mengi, lakini maji, petroli na asidi havina rangi. Tumia vitu vitatu badala ya rangi. Kwanza kimo kwenye stiki, kama nilivyosema. Pili pua: ichomoe stiki uinuse, ikinuka petroli waziwazi, usisubiri mwezi wa sita. Tatu, fungua mfuniko wa kumiminia oili juu ya injini uugeuze. Ukiona povu zito la rangi ya chai ya maziwa, limeganda kama siagi, hayo ni maji yaliyochanganyika na oili. Watu wakiliona hukimbilia kusema gasketi ya silinda, inayozuia maji ya rejeta yasiingie kwenye oili, imekufa, na nimeshuhudia injini ikishushwa bure kwa povu hilo. Tazama maji ya rejeta kwanza. Kama hayapungui na hayana mafuta juu, na gari lako ni la safari fupi, basi ni unyevu tu. Mwaga oili, tembea safari ndefu moja, tazama tena. Maji yakipungua, hapo ndipo uishuku gasketi.

Sasa oili yenyewe. IST yako ya 1,500 inachukua lita 3.7 pamoja na filta, kwa hiyo dumu la lita nne linatosha na kinabaki cha kuongezea. Omba 5W-30, yenye alama ya ubora ya API SN au SP mgongoni. Vijana wengi watakupa 20W-50, au ile 40 tupu, ambazo ni nzito zaidi, kwa hoja kwamba Dodoma kuna joto na gari ni la zamani. Kwa injini iliyochoka inayokula oili naelewa. Ya kwako haijachoka, na kazi yake kubwa ni kuwaka ikiwa baridi. Juni na Julai hapa kwetu alfajiri inashuka mpaka nyuzi 13 au 14. Oili nzito inachelewa kupanda juu kwenye kamshafti, na sekunde hizo za mwanzo ndizo vyuma vinaposuguana vikavu. Halafu injini hiyo inaendesha mfumo wake wa valvu na kukaza mnyororo wa taiming kwa presha ya oili hiyo hiyo, kupitia vitundu vyembamba. Tope na oili nzito ni maadui wa vitundu hivyo.

Usitumie pesa nyingi kwa sinthetiki ya bei ya juu ukidhani utaongeza muda. Inavumilia joto vizuri na inadumu kwa msafiri, lakini haizuii petroli isitoe maji. Kwako wewe oili ya kawaida iliyo halali, inayomwagwa kwa wakati, ina faida kuliko ya ghali inayosubirishwa miaka miwili. Nunua kwa muuzaji anayejulikana, tazama kizibo kama kimekatwa mbele yako kwa mara ya kwanza, na dumu likiisha litoboe kabla ya kulitupa. Madumu mazima huokotwa, yakajazwa kitu kingine, yakarudi dukani.

Siku ya kumwaga, fika gereji ukiwa umezunguka kwanza nusu saa. Oili ya moto inatoka na uchafu wake; ya baridi inauacha chini ya sampu. Simama uone mambo manne. Nati ya sampu ifunguliwe kwa spana namba 14 inayoikaa, wala si kwa koleo. Washa yake, ile pete ya kuzibia, iwe mpya. Filta ibadilishwe kila mara, kwa sababu filta ya zamani imeshika oili chafu na ukiiacha unaichanganya na mpya siku hiyo hiyo. Na mtu akileta mafuta ya taa au dizeli "asafishe injini" kabla ya kuweka oili mpya, mkatalie kwa upole. Hayatoki yote, yanaipunguza oili uliyolipia, na kama kuna tope humo yanaweza kulibandua kipande kizima likazibe ule wavu wa pampu niliokueleza. Tope linaondolewa kwa kufupisha muda: mwaga, tembea miezi miwili, mwaga tena.

Muulize kijana anaipeleka wapi oili chafu. Hapa kwetu wengi wanapaka nguzo za uzio kuzuia mchwa, na hiyo ni afadhali kuliko kumwaga chini nyuma ya gereji, ambako mvua ya Januari inaifikisha visimani. Ivaliwe glavu. Oili iliyotumika ni mbaya kwa ngozi, nasema hivyo kwa uzoefu wa mikono yangu.

Vumbi nalo lina sehemu. Upepo wetu wa Agosti hadi Oktoba unapeleka mchanga mahali usipodhani, na mchanga ukipita kwenye filta ya hewa iliyochanika unaishia kwenye oili na kukwangua silinda. Kila ukimwaga oili fungulia boksi la filta ya hewa. Kwa gari linalolala, mara nyingi nakuta humo panya ametengeneza kitanda chake kwa makaratasi na pamba ya boneti.

Nimeona niwajibu na wengine wenye swali la jirani na lako. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, napokea magari mengi ya watumishi ambayo zamani yalikuwa yakipanda na kushuka barabara ya Morogoro kila mwezi. Sasa mwenyewe anakwenda kwa treni, gari linabaki Kisasa au Ilazo mwezi mzima. Kusimama tupu, bila kuwashwa, hakuichoshi oili sana. Gari lililosimama miezi mitatu huku oili yake ni mpya liko salama kuliko lililowashwa kila siku dakika tano. Anayejua ataliacha gari zaidi ya miezi miwili amwage oili kabla ya kuliacha, asisubiri akirudi, ili vyuma visilale kwenye asidi. Matrekta ya Kongwa na pampu za kwenye mashamba ya zabibu ni hivyo hivyo: wakulima huvuna, wanaegesha na oili chafu, kisha wanamwaga Novemba wakijiandaa kulima. Igeuzwe. Mwaga unapoegesha, Novemba unapima tu na kuwasha. Hapo kipimo ni saa za kazi na mwaka, kilomita hazihusiki.

Wenye haibridi, magari ya petroli na umeme kama Prius na Aqua, wajue kwamba injini yao inazima na kuwaka yenyewe njiani, kwa hiyo kwenye safari fupi za mjini inapata moto kwa shida zaidi. Miezi sita kwao ni lazima. Wenye tabo pia.

Ili usisahau, Mwalimu, funga tarehe moja na bima ya gari. Siku unayolipia bima unamwaga oili, na miezi sita baadaye unamwaga tena. Mwambie kijana aandike kwenye kile kikadi tarehe pamoja na kilomita. Kijana wako si mwizi. Amekosea tu kuzidisha, na inawezekana alifundishwa hivyo kwa magari ya biashara. Mwonyeshe jibu hili.

Kesho asubuhi, badala ya kuwasha, fungua boneti gari likiwa baridi, mahali tambarare. Vuta stiki, ifute kwa kitambaa, irudishe, ivute tena uisome. Ikiwa kati ya L, alama ya chini, na F na hainuki petroli, endelea na ratiba yako na umwage mwezi huu kama imeshapita miezi sita tangu mara ya mwisho. Ikiwa imepita F na hukuongeza kitu, usiende nayo safari ndefu na usiipeleke gereji ya mbali. Mwite kijana aje nyumbani na dumu na filta, aimwage hapo hapo uani.